Kipindi cha Zoom si mahali pa kusomea slaidi

Mwanafunzi anapoingia kwenye kipindi cha mtandaoni anakuwa ameshalipa nauli, yaani bando. Saa moja ya Zoom yenye picha inakula mamia ya megabaiti, na wanafunzi wengi ninaowafundisha hununua kifurushi cha siku, si cha mwezi, hasa bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, likichelewa. Kwa hiyo ninapoandaa wiki ya masomo najiuliza kwanza: kipi hapa hakiwezekani mpaka tuwe pamoja muda uleule? Hicho ndicho kinapewa kipindi. Mengine yote yanatangulia.

Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza, darasa mseto: wiki hii ukumbini, wiki ijayo mtandaoni. Maelezo ya mada nayarekodi kwa sauti tu, vipande vya dakika nane hadi kumi, pamoja na PDF ya slaidi. Dakika kumi za maongezi zikihifadhiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde hazifiki megabaiti tatu. Naviweka Moodle, mfumo wa masomo wa mtandaoni, kwa sababu programu yake ya simu inamwezesha mwanafunzi kupakua akiwa kwenye waifai ya chuo, kisha akasikiliza bila intaneti hata akiwa ndani ya daladala. Usihangaike kutafuta studio. Simu ya kawaida na chumba chenye mapazia na kitanda, ili mwangwi upungue, vinatosha. Jogoo wa jirani akiwika, mwache awike.

Sasa kipindi chenyewe. Ukumbini ukiuliza "Tuko pamoja?" unaitikiwa "Ndiyooo" na ukumbi mzima, na bado hujui nani kaelewa. Mtandaoni hata hiyo ndiyo huipati. Mimi nimeng'ang'ania njia aliyoianza Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, mwaka 1991: unatoa swali moja lenye mtego, kila mtu anapiga kura peke yake, wanabishana, wanapiga kura tena.

Kwenye mada ya wastani swali langu ni hili. Ofisi ina makarani wanne, kila mmoja analipwa shilingi 400,000, na mkurugenzi analipwa 8,000,000. Tangazo la nafasi ya ukarani linasema wastani wa mshahara pale ni 1,920,000. Je, tangazo linadanganya? Kura ya kwanza ikishapigwa sisemi neno. Nawagawa kwenye vyumba vidogo vya watu wannewanne, dakika sita, na kila chumba kirudi na sentensi moja waliyokubaliana, iandikwe kwenye sehemu ya ujumbe (chat) ya Zoom. Ukisema tu "jadilini" watanyamaza, au watahamia Simba na Yanga. Ukidai sentensi, lazima mmoja ashike kalamu na wengine wamkosoe. Na wawe wanne kweli. Wakiwa wanane, watano wamejificha.

Ukipita vyumbani utasikia mmoja anashikilia kwamba hesabu haidanganyi, gawanya mwenyewe uone. Mwenzake anamjibu: "Mimi naomba ukarani, nitapata laki nne. Hiyo milioni ya kwenye tangazo iko wapi?" Hapo ndipo ule mshahara wa katikati, ukipanga mishahara yote kuanzia mdogo, unaingia wenyewe kwenye mazungumzo. Kura ya pili ikirudi, kazi yangu imebaki ndogo.

Kamera silazimishi. Mtu anayeishi chumba kimoja na wenzake watatu ana haki ya kutoonyesha kitanda chake.

Nje ya kipindi, Moodle ina aina ya jukwaa ambalo mwanafunzi haoni majibu ya wenzake mpaka atoe lake. Chagua hilo. Bila hivyo anajibu mmoja hodari na waliobaki wote wanaandika "naunga mkono hoja".

Halafu koswek, yaani kazi za alama za muhula, maana kudesa (kunakili majibu) hakukuanza na ChatGPT. Swali ambalo jibu lake liko kwa kila mtu litadeswa tu. Mimi nawatuma sokoni: chukua bei ya fungu la nyanya kwenye meza mbili za soko la karibu yako, siku tano, kokotoa, kisha nitumie dakika mbili za sauti ukieleza ni namba ipi ungempa mama anayepanga bajeti. Bei zinaweza kubuniwa, najua. Ndiyo maana wiki ya ukumbini nachagua wachache na kuwauliza kwa mdomo: kwa nini Alhamisi ilipanda? Aliyekwenda ana la kusema, hata kama ni malalamiko kwamba mvua ilikata barabara na muuzaji alimfukuza kwa kuuliza bila kununua.

Kundi la WhatsApp lifungie matangazo tu. CR, yaani mwakilishi wa darasa, akusanye maswali ya wiki, ayalete Ijumaa, nawe uyajibu yote kwa rekodi moja anayoisikia kila mtu. Zile meseji za saa tano usiku za "Shikamoo mwalimu, samahani, umelala?" zitapungua sana. Zitakazobaki ni za waliochelewa kutuma koswek.