Nanga Zilizobaki Calais

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mwaka 1588, ni upepo au ni mizinga ya Waingereza iliyoishinda Armada ya Hispania, kundi la meli za vita lililokwenda kuivamia Uingereza? Mimi nasema ni nanga.

Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na alinifundisha mapema kwamba chombo kisicho na nanga hakina pa kulala. Ndiyo maana nikisoma habari za usiku wa tarehe 7 Agosti mwaka ule, roho hunienda mbio.

Zilitoka Lisbon meli zipatazo 130. Zilipigwa na Waingereza karibu wiki nzima njiani na safu ya Wahispania haikuvunjika. Sasa zilikuwa zimetia nanga nje ya Calais, bandari ya Ufaransa, zikimngoja jemadari wao Parma avushe jeshi lake kwa matishari kutoka Flanders hadi Uingereza. Parma hakuwa na pa kutokea, maana vyombo vidogo vya Waholanzi vilimfungia njia kwenye maji mafupi ambako meli kubwa za Hispania zisingeelea. (Simlaumu mkuu wa msafara, Medina Sidonia. Alikwisha kumwandikia Mfalme Felipe II kwamba yeye bahari haijui.)

Usiku ule Waingereza waliwasha moto meli zao nane, wakaziachia zifuate upepo na mkondo. Hazikuunguza hata meli moja ya Hispania! Lakini manahodha, kila mmoja na shehena yake ya baruti, walikata amari, yaani kamba za nanga, gizani wakatweka matanga. Nanga zikabaki chini. Kulipokucha wametawanyika, wakapigwa vibaya Gravelines, kisha upepo ukawasukuma Bahari ya Kaskazini. Njia ya kurudi kwao ikawa ni kuzunguka Scotland na Ireland.

Medali iliyotengenezwa baada ya vita inasema Mungu alipuliza wakatawanyika. Kweli, dhoruba za Septemba zilikuwa kali mno. Lakini dhoruba ikikukuta karibu na pwani ya miamba, kinachokushika ni nanga, na nzuri walikuwa wameziacha Calais.

Huko Streedagh, magharibi mwa Ireland, meli zao tatu zilijaribu kujishikilia kwa nanga zilizobaki. Zilistahimili siku kadhaa, halafu amari zikashindwa. Mawimbi yakazitupa ufukweni, zikavunjika kwa muda wa saa moja. Walikufa watu zaidi ya 1,000, wengi majini, na wengine waliuawa walipokwisha kufika mchangani.