Dizaini bila kukesha: foleni ya kazi 3

Mkuu, umeuliza utafanyaje mabango na kadi hapa Dodoma bila kukesha, na wateja wasikukimbie. Usianze na kupunguza saa. Punguza kazi zinazokuwa wazi kwa wakati mmoja: 3 zinatosha. Ya nne ipe tarehe, usiipe "nitajaribu".

Kinachofanya watu wakeshe si kuchora, ni marekebisho yasiyoisha. Kabla hujawasha kompyuta, tuma ujumbe mmoja WhatsApp: kipimo, siku ya kuchukua, kianzio nusu, marekebisho 2, la tatu linalipiwa. Asiyeleta maneno yaliyohakikiwa hajaingia kwenye foleni, hata apige simu mara kumi. Ofisi isiyotoa kianzio, dai LPO (hati rasmi ya agizo la ununuzi) kwanza. Ile "wewe anza tu, karatasi zinakuja" imewaliza wengi.

Faili likikamilika, lilaze usiku mmoja ndipo liende kuchapwa. Asubuhi utaona ambacho saa saba usiku hukukiona: "Maadhimsho" badala ya "Maadhimisho", au ile bluu. Kwenye skrini inang'aa vizuri kwa sababu ni mwanga. Kwenye wino, sayani (bluu ya kijani) asilimia 100 na majenta (waridi iliyokolea) asilimia 100 zinatoka zambarau. Shusha majenta hadi asilimia 60 hivi. Bango la mita 3 kwa 1 likirudiwa kwa gharama yako, faida yote imekwenda na usiku wa pili nao umeliwa.

Aprili hadi Juni ni habari nyingine. Bunge la bajeti liko mjini, mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, kila mtu anataka "leo leo". Kazi ya haraka itoze mara moja na nusu ya bei ya kawaida, nafasi moja tu kwa siku. Ukifungua mbili, haraka inageuka kawaida na bei yake inashuka yenyewe.

Julai usipokee kazi mpya wiki 2 (mzabibu wenyewe hapa hukatwa matawi kati ya mavuno na mavuno). Tengeneza violezo: sendofu, kipaimara, mahafali, tangazo la msiba. Hili la msiba usilidharau, huja usiku na halingoji.

Mwezi wa kwanza, wateja wa "leo leo" watahama, kwa hiyo uwe na kodi ya pango na umeme wa miezi 2 mkononi. Kama huna, anza na kanuni ya marekebisho 2 peke yake, foleni isubiri.