"Baba Juma amefika": utata katika mazungumzo na katika maandishi

SWALI: Binti yangu aliniandikia kwenye simu, "Baba Juma amefika", nikadhani ni jirani yetu aitwaye Baba Juma, kumbe ni mpwa wangu Juma aliyewasili kutoka Tanga. Je, maandishi yana utata kuliko mazungumzo?

JIBU: Angekuambia kwa mdomo angetua kidogo baada ya "Baba", ukajua kwamba anakuita kwanza ndipo akupe habari. Katika maandishi kazi hiyo ni ya mkato, nao haukuwekwa. Kwa kuwa tumezoea kuwaita wazazi kwa majina ya watoto wao, "Baba Juma" bila mkato husomeka moja kwa moja kuwa ni jina la mtu. Vivyo hivyo, "Mwalimu amefika" huweza kuwa taarifa au swali, na kinachotofautisha ni kiimbo kwa msemaji na alama ya kuuliza kwa mwandishi. Mkazo ndio hauna alama kabisa: "barabara" yenye mkazo katika silabi ya tatu ni njia ya magari, yenye mkazo katika silabi ya pili ni sawasawa, ilhali tahajia yake ni moja.

Hata hivyo, sikubali kwamba maandishi ndiyo yenye utata zaidi. Mtu akikuambia kwa kasi ya kawaida "jirani anapanga", sikio halitambui kama jirani amekodi chumba au ameshika panga mkononi, lakini anayesoma "ana panga" hana shaka, kwa sababu ile nafasi ndogo kati ya maneno huonekana ingawa haisikiki.

Upo pia utata unaotoka katika sarufi yenyewe. Katika "kitabu cha mwalimu kilichopotea", upatanisho wa ngeli unaonyesha kwamba kilichopotea ni kitabu. Lakini katika "mtoto wa mwalimu aliyehamishwa", mtoto na mwalimu wote wamo katika ngeli ya A-WA, kwa hiyo "aliyehamishwa" huweza kumrejelea yeyote kati yao. Katika mazungumzo utauliza papo hapo, "Nani kahamishwa?" Msomaji wa barua hana wa kumuuliza, na hapo mkato hautoshi. Ni lazima sentensi ijengwe upya: "mtoto aliyehamishwa, ambaye baba yake ni mwalimu", au "mwalimu aliyehamishwa ana mtoto".