Balbu mpya haiingii kwenye holda

Ndugu, umesema umenunua balbu ya LED badala ya ile ya zamani ya wati 60, lakini haiingii kwenye holda. Itazame ya zamani kwenye kitako. Ikiwa na vipini viwili pembeni, mara nyingi ni kitako cha aina ya B22. Ikiwa ya kuzungusha, pima upana wa kitako: milimita 27 ni E27, 14 ni E14. Namba hizo ni vipimo tu, si siri ya mafundi!

Ukienda kubadilisha, usihangaike na wati, soma lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Takriban 800 zinatosha, na LED huzitoa kwa wati 8 hadi 10. Chumbani mimi napenda kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700, mwanga wa manjano uliotulia. Zima swichi kabla ya kufungua.