Wasomaji Wauliza: Plazima na Setilaiti za Hali ya Hewa

SWALI: Setilaiti ya hali ya hewa tunaijua kwa picha za mawingu. Vipimo vya plazima imebebeshwa kwa sababu gani?

JIBU: Kwa sababu inaishi ndani ya plazima, yaani gesi ya ioni (atomi zilizopoteza elektroni) na elektroni zilizoachana. Setilaiti za GOES za Marekani zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwenye sehemu ya nje ya mikanda ya Van Allen, yaani chembe zenye nishati zilizonaswa na sumaku ya dunia. DMSP, za jeshi la nchi hiyohiyo, zinapita karibu na ncha za dunia kwenye kimo cha kilomita 840 hivi. Mzunguko mmoja huchukua dakika 102, na ndani yake setilaiti hukata ukanda wa mianga ya ncha mara nne. Kamera inatazama chini; vipimo vya plazima vinaonja kile kinachoigusa setilaiti pale ilipo.

SWALI: Nimesoma kwamba DMSP hupima upepo wa ioni kwa mita kwa sekunde. Inawezekanaje, na setilaiti yenyewe inakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde?

JIBU: Mbio hizo ndizo zinazofanya kipimo kiwezekane. Ukikimbia kwenye manyunyu, matone hukupiga kifuani hata kama yanaanguka wima. Kwenye kimo hicho ioni nyingi ni za oksijeni. Kwa joto la kelvini 1,500 hutangatanga kwa kilomita 1.2 hivi kwa sekunde, ilhali setilaiti inakwenda 7.4, kwa hiyo humiminika kwenye dirisha la kipimo lililo mbele ya setilaiti zikiwa zimenyooka kama mwali wa tochi. Elektroni hazikubali njia hii. Zinakwenda mamia ya kilomita kwa sekunde na kuja kutoka kila upande, hivyo hupimwa kwa tufe dogo linalopandishwa na kushushwa volti.

Dirisha ni la mraba. Nyuma yake kuna nyavu za waya mwembamba, na mwishoni bamba la chuma lililokatwa vipande vinne. Ioni zikija moja kwa moja, vipande vyote hupata mkondo sawa. Upepo ukizisukuma upande, mraba wa ioni unahama kidogo juu ya bamba, vipande viwili vinanufaika na viwili vinapungukiwa. Nyuzi moja ya pembe ni sawa na mita 130 kwa sekunde. Kwa hiyo setilaiti ikiinama nusu nyuzi bila wewe kujua, umeshajipatia upepo wa uongo wa mita 65. Data ya mkao wa setilaiti isomwe sambamba kila mara. Mkondo wenyewe ni mdogo mno: penye ioni 10,000 kwa kila sentimita ya ujazo, eneo la sentimita 10 za mraba hukusanya nanoampia (sehemu ya bilioni ya ampia) 12 tu.

Upepo wa mbele na nyuma unapimwa na kifaa cha pili, ambacho wavu wake huongezewa volti polepole mpaka ioni zishindwe kupenya. Oksijeni inaingia na nishati ya elektronivolti (nishati ambayo elektroni hupata ikivutwa na volti moja) 4.6 hivi, haidrojeni 0.3 tu, kwa hiyo mkondo huporomoka kwa ngazi mbili. Kimo cha kila ngazi kinakupa kiasi cha ioni, ulegevu wa mteremko unakupa joto, na mahali ngazi ilipo panakupa kasi. Hapa ndipo wengi wanaponaswa, maana ngazi hiyohiyo husogezwa pia na umeme uliojikusanya kwenye mwili wa setilaiti. Kosa la volti 0.1 huzaa kosa la mita 80 kwa sekunde. Ukikuta upepo wa mbele wa mita 300 usiobadilika tangu ikweta hadi nchani, ishuku volti kwanza.

Na penye haidrojeni nyingi, weka alama ya tahadhari. Ioni hizo ni nyepesi mara 16, zinatangatanga kwa karibu kilomita 5 kwa sekunde, na ule mwali unasambaa.

SWALI: Kwenye mchoro wa nishati na wakati wa SSJ, kipimo cha DMSP kinachohesabu ioni na elektroni kulingana na nishati yake, nimeona mstari mwembamba mkali wa ioni kwenye elektronivolti 300, uliodumu sekunde 20. Ni mkondo halisi wa ioni?

JIBU: Karibu kwa hakika, hapana. Setilaiti imejaa chaji hasi ya volti 300 hivi, na ioni baridi zilizo jirani zinavutwa hadi kipimoni. Hakikisha mambo matatu kwa sekunde zilezile: setilaiti iko gizani (jua lingeng'oa elektroni kwenye uso wake na kuipunguzia chaji hasi), msongamano wa plazima uko chini ya 10,000 kwa sentimita ya ujazo, na elektroni za zaidi ya elektronivolti 10,000 zinamiminika kwa wingi.

Yote yakitimia, sahihisha: nishati ya ioni ipunguze 300, ya elektroni iongeze 300, kwa kuwa elektroni zimepunguzwa mbio njiani. Zile zilizokuwa chini ya 300 hazikufika kabisa, na hakuna hesabu itakayozirudisha. Kumbuka pia kwamba SSJ/5, toleo la kipimo hicho, ina chaneli 19 kati ya elektronivolti 30 na 30,000, kila moja ikiizidi iliyotangulia kwa asilimia 47 hivi. Hiyo "300" yako ina upana huo.

SWALI: Kwa nini magnetomita (vipimo vya uga wa sumaku) za GOES mpya ziko mbali na mwili wa setilaiti?

JIBU: Uga wa sumaku huko ni takriban nanotesla 100, na mikondo ya umeme ya setilaiti ina sumaku yake. Sumaku hiyo hupungua kwa mchemraba wa umbali, kwa hiyo mkono mrefu unaochomoza kwenye setilaiti una vipimo viwili, mita 6.3 na 8.5 kutoka kwenye mwili. Kile cha ndani huonja uchafu huo wa sumaku ya setilaiti karibu mara 2.5 ya kile cha nje. Tofauti yao inakuonyesha uchafu.

SWALI: Wakati wa dhoruba ya protoni, chaneli za elektroni za MEPED, kipimo cha protoni na elektroni zenye nishati kwenye setilaiti za NOAA za Marekani (zilizostaafishwa 2025) na MetOp za Ulaya, hupanda zote kwa pamoja. Niziamini?

JIBU: Usiziamini. Kigunduzi cha silikoni huhesabu nishati iliyoachwa ndani yake. Hakiulizi nani kaiacha. Karatasi nyembamba ya nikeli iliyo mbele huzuia protoni dhaifu tu, na zenye nguvu hupita na kuhesabiwa kama elektroni. Linganisha na chaneli za protoni za sekunde ileile kabla ya kuchora chochote. Kinyume chake kinafaa kazi: siku tulivu zisizo na protoni za jua, chaneli ya juu kabisa ya protoni, P6, huitikia elektroni zinazokaribia kasi ya mwanga, na wengi huitumia kuzifuatilia.