Ukitaka Kununua Chapa ya Kijapani, Igeuze Kwanza

Wanaotaka kuanza kukusanya chapa za mbao za Kijapani, yaani picha zilizochapwa kwa mbao za kuchongwa, huniuliza majina ya wasanii: Hokusai, Hiroshige, Utamaro. Mimi huwaambia waanze na mgongo wa karatasi.

Chapa za rangi nyingi, nishiki-e, zilishamiri Edo (Tokyo ya leo) kuanzia 1765 kwa kazi za Suzuki Harunobu. Msanii alichora tu. Mchongaji alichonga mbao za mcheri, kwa kawaida ubao mmoja kwa kila rangi. Mchapaji akapaka rangi ya maji ubaoni kwa brashi, akalaza karatasi yenye unyevunyevu, akaisugua mgongoni kwa bareni, kisahani bapa kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Kwa kusuguliwa hivyo rangi huzama ndani. Ndiyo maana ukiigeuza chapa halisi utaona rangi imepenya hadi nyuma, na mara nyingine alama za mizunguko ya bareni. Nakala ya mashine haina hilo, na ukiitazama kwa lenzi ya kukuzia utakuta vitone vidogo vidogo vya wino.

Kisha tazama mistari myembamba, hasa ya nywele. Ubao ukichakaa, mistari hiyo hukatika au hunenepa. Tazama na mbingu: ule mfifio wa rangi, bokashi, mchapaji aliutengeneza ubaoni kwa mkono kila karatasi, kwa hiyo nakala mbili za mandhari moja ya Hiroshige zinaweza kuwa na machweo tofauti kabisa. Hapo ndipo mimi hukaa muda mrefu zaidi.

Usidharau chapa zilizochongwa upya karne ya 20. Mradi muuzaji aseme wazi ni za lini, kwa anayeanza naona ni bora kuliko chapa ya kale iliyopauka na kukatwa kingo.

Ukishanunua, adui mkubwa ni mwanga. Rangi nyingi za mimea za enzi ya Harunobu hupauka upesi. Buluu yake ya maua mara nyingi imebaki hudhurungi hafifu. Buluu ya Prusia, ambayo Hokusai aliitumia sana kwenye mandhari zake za Mlima Fuji miaka ya 1830, huvumilia zaidi, lakini nayo isianikwe juani. Usiigandishe chapa kwenye kadibodi wala kuibandika kwa selotepu. Itundike ukuta usiofikiwa na jua, na baada ya miezi michache irudishe kwenye jalada la karatasi isiyo na asidi.