Anayepokea pesa zako naye yuko kazini

Siku ya tatu ya likizo yangu ya kwanza kutoka Doha, Qatar, mdogo wangu aliniwekea daftari mezani kabla sijamaliza chai. Daftari la shule, jalada limeng'oka, pembeni limelowa mafuta ya taa likakauka. "Kaka, wewe ulikuwa unatuma, mimi nilikuwa naandika," akasema, akaenda zake kufunga mbuzi.

Alijua nimekasirika. Ilikuwa 2021, na nilishuka kwetu Kaloleni, pwani ya Kenya, nikitegemea kuona nyumba imefika kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Nilikuta msingi umeota nyasi, na kuku wa jirani ametaga ndani ya kile nilichokiita chumba changu. Karibu miaka miwili nilikuwa natuma riyali 900 kila mwezi kutoka kwa mshahara wa 1,500. Lindo la usiku ni la saa kumi na mbili, na mlinzi ana muda mwingi wa kupiga hesabu. Kichwani nilikuwa nimeshajenga, nimeezeka, nimepaka na rangi.

Nikafungua daftari. "Karo, muhula wa pili: 18,500." "Matanga ya ami, mchele na mafuta: 6,200." "Mama, dawa ya presha: 2,350." "Deni la chama, nauli ya kaka: 10,000." Hiyo ya mwisho ilinichoma, kwa sababu nauli ilikuwa yangu mimi, iliyokopwa kwenye kikundi cha akiba. Mchana kutwa nilitafuta wizi, nikapata shilingi 400 za betri za redio. Mengine yote, ningepigiwa simu, ningesema toa. Na mengi nilipigiwa, nikasema toa, nikasahau. Nyumba ile niliila mwenyewe, kwa simu.

Nayasema haya kwa sababu kila mtu akirudi kutoka Arabuni wimbo ni mmoja: ndugu wamekula pesa. Wapo wanaokula, sibishi. Lakini tuulize swali jingine: huyo ndugu alikuwa nani kwako? Mdogo wangu alikuwa mhasibu, tarishi wa hospitali, msimamizi wa fundi, na mwakilishi wangu kwenye matanga yote ya ukoo. Siku za kupanga foleni hospitalini na mama hakuendesha bodaboda, kwa hiyo hakupata kitu. Na katika kurasa zote zile hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa jina lake.

Ushauri wangu wa kwanza kwa anayeondoka, kabla ya mengine yote, ni huu: mlipe anayesimamia pesa zako. Panga kiasi, hata 3,000 kwa mwezi, kitajwe mbele ya wazee kwamba ni mshahara wake. Mtu anayelipwa unaweza kumdai hesabu bila ugomvi wa damu. Asiyelipwa atajilipa, au atachoka, na ukimuuliza utakuwa umemtukana. Mimi nilianza kumlipa mwezi uleule, na mama alinuna wiki nzima akisema nimemfanya mwanawe kibarua. Amezoea sasa.

La pili, pesa ziwe na majina kabla hazijaondoka. Nilipokuwa natuma zote kwa laini moja ya M-Pesa, zilikuwa maji kwenye pakacha. Baadaye nikagawa mara tatu. Matumizi ya nyumbani yanaingia tarehe tano, kiasi hakibadiliki. Ya dharura nikaweka kwenye sacco (ushirika wa akiba na mikopo) kwa jina la mama, na kuitoa kunahitaji saini mbili. Ya kujenga ikaingia benki kwa jina langu, na fundi analipwa kwa hatua: msingi, ukuta, linta, paa. Kabla ya kulipa hatua, nataka picha ya asubuhi yenye mtu amesimama kando ya ukuta, maana picha ya ukuta peke yake inaweza kuwa ya ukuta wa mtu mwingine. (Hilo nililijua kwa mwenzangu wa chumbani. Alitumiwa jumba zuri kabisa.)

Na useme ukweli kuhusu mshahara. Sisi wenyewe tunaanza uongo, kwa zile picha za maghorofa na magari ya watu. Nyumbani hawaoni kitanda cha juu katika chumba cha watu sita. Mimi niliipiga picha hati ya mshahara nikamtumia mama, na maombi ya watu yakapungua nusu.

Gharama ya kutuma wengi tunaipuuza. Duka la kutuma pesa tulilolitumia Doha lilikuwa linakata riyali 15 kila unapotuma. Ukituma 300 mara tatu kwa mwezi umelipa 45. Ukituma 900 mara moja umelipa 15. Hizo 30 ni zaidi ya shilingi elfu moja za Kenya. Lakini ada ni ile inayoonekana tu. Wakati mwingine tangazo linasema kutuma ni bure, kumbe wamepunguza bei ya riyali. Swali la kuuliza dirishani ni moja: nikikupa 900, nyumbani zitafika shilingi ngapi? Linganisha maduka mawili matatu kwa jibu hilo. Takwimu za Benki ya Dunia zimekuwa zikionyesha kwamba kutuma dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara hugharimu wastani wa takriban asilimia 8, ilhali mataifa yalikubaliana ishuke chini ya 3 kufikia 2030. Usingoje 2030.

Halafu kuna mtego wa bei ya dola. Riyali ya Qatar imefungwa kwa dola, yaani bei haibadiliki, 3.64 kwa dola moja, kwa hiyo shilingi ikianguka sisi tunacheka. Januari 2024 dola ilifika kama shilingi 160, na riyali zangu 900 zilikuwa zinatoka karibu 39,600. Jamaa wakachukua mikopo ya viwanja kwa hesabu hiyo. Miezi michache baadaye dola ilikuwa imerudi karibu na 130, na riyali zilezile 900 zikawa kama 32,000. Mkopo haukushuka. Mimi niliponea chupuchupu kwa sababu tu mwenye kiwanja alichelewa kuleta hati. Ukikopa, piga hesabu kwa bei mbaya uliyowahi kuiona, na ile ya neema ikija iende kwenye akiba.

Benki Kuu ya Kenya ilihesabu takriban dola bilioni 4.9 zilizotumwa na Wakenya walio nje mwaka 2024. Mwaka 2014 zilikuwa kama bilioni 1.4. Ni nyingi kuliko mapato ya chai, na husaidia nchi kupata dola za kununulia mafuta. Sawa. Lakini kijijini maendeleo yanahesabika kwa njia nyingine. Karo ile iliyoniuma daftarini leo ni dada yangu anayesomea uuguzi, nami sihesabu tena kuwa ilipotea. Nyumba, nilipoimaliza, iliwalisha mafundi wanne kwa miezi mitano, halafu ikanyamaza. Kilichoendelea kulisha watu ni mashine ya kusaga unga niliyonunua 2023. Akina mama waliokuwa wanabeba debe la mahindi hadi barabarani sasa wanasaga hapahapa, kijana mmoja ameajiriwa, na siku za soko foleni inafika kwenye mkorosho. Kama ningeanza upya ningenunua mashine kwanza, nyumba baadaye. Ila nakiri ni rahisi kusema hivyo ukiwa umelala chini ya mabati yako.

Kwa ambaye hajaondoka: wakala wangu alinitoza shilingi 120,000, na ndiyo maana daftari lina mistari mingi ya deni. Sheria ya kazi ya Qatar inakataza mfanyakazi kutozwa ada ya kuajiriwa. Mimi niliijua nikiwa tayari kule. Angalia kama wakala yumo kwenye orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya, soma mkataba kwa lugha unayoielewa, na acha nakala nyumbani. Tangu Machi 2021 kima cha chini Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula kama mwajiri hatoi vitu hivyo mwenyewe. Ukiahidiwa pungufu, hilo si la kujadiliana.

Mimi nilirudi moja kwa moja mwishoni mwa 2024. Mashine bado iko chini ya mdogo wangu, na mshahara wake umefika 9,000. Mwezi jana akaomba nyongeza. Nikamwambia alete daftari.